Hita Inasema 26, Maji Yanasema 21

Juzi nimepata ujumbe wa dada mmoja anayefuga samaki aina ya beta kwenye tangi la lita 20. Hita, kile kifaa cha umeme cha kupasha maji ya tangi, anayo, ameizungusha mpaka 26, taa yake inawaka, lakini samaki amelala chini, mapezi ameyabana, chakula hataki hata kukitazama. Ameshabadilisha maji. Ameshatia dawa. Kuna aliyemwambia atie chumvi, akatia. Nikamuuliza: maji yenyewe yana nyuzi ngapi? Akajibu, "Si nimeshakwambia, 26." Nikamwomba atafute kipimajoto akitumbukize upande wa pili wa tangi, mbali na hita. Kikasoma 21.

Ujumbe wa aina hii unanifikia mara kwa mara, na kila ukija unanigusa mahali penye kidonda. Kwa hiyo leo naandika kwa kirefu.

Nilipoanza kufuga, aliyeniuzia tangi alikuwa mtu wa kusadikika. Alijua majina ya samaki wote, alijua nani anakaa na nani. Tangi langu lilikuwa dogo, lita 20 kama la huyu dada, na akanipa hita ya wati 200. Nikamuuliza kama si kubwa mno. Akacheka, akasema hita kubwa inapasha upesi kisha inajizima yenyewe, na kwamba ndogo ni kupoteza fedha. Ilifanya kazi vizuri kwa muda, maji yakatulia kwenye 26, na beta wangu, dume wa buluu mwenye mkia mrefu, alikuwa akija mbele ya kioo kila nikikaribia. Kisha usiku mmoja hita haikujizima. Asubuhi niligusa kioo nikakiondoa kidole. Samaki alikuwa ameelea juu. Nilipomrudia yule muuzaji akaniambia umeme wa nyumbani kwangu ndio mbovu. Hakusema pole. Sijamsahau samaki yule, na sijayasahau majibu yale.

Kilichotokea kina maelezo, na natamani ningepewa siku ya kununua. Ndani ya hita nyingi za kawaida kuna utepe wa metali mbili zilizogandishwa pamoja. Metali hizo hutanuka kwa viwango tofauti, hivyo joto likipanda utepe unajipinda na kuachanisha vituo vya umeme, ukipoa unavirudisha vikagusana. Kila vinapogusana au kuachana cheche ndogo huruka, na cheche hizo huvila vituo polepole, mpaka siku moja vinaweza kushikana visiachane tena. Hita ikishafika hapo, inawaka moja kwa moja.

Sasa piga hesabu. Lita moja ya maji inahitaji takriban jouli 4,200 kupanda nyuzi moja ya selsiasi. Kwa lita 20 ni kama jouli 84,000. Hita ya wati 200 inazitoa kwa dakika saba tu. Kutoka 26 mpaka 36 ni saa moja na dakika chache, na mwenye tangi yuko usingizini. Hita ya wati 25 kwenye maji yaleyale inachukua karibu saa nzima kupandisha nyuzi moja, na wakati huohuo joto linatoroka kwenye vioo na juu ya maji, kwa hiyo hata ikikwama, mambo yanakwenda taratibu na wewe unapata nafasi ya kuliona tatizo. Ndiyo maana nasema wati moja kwa kila lita, ukiongeza kidogo kama chumba ni cha baridi sana. Mtu akikuambia kubwa ni bora, mwonyeshe hesabu hii.

Turudi kwa yule dada. Nilimwambia aitazame taa ya hita. Ikiwa inawaka muda wote na maji bado yana 21, hita inajitahidi lakini wati hazitoshi kwa baridi ya chumba kile. Ikiwa taa inazima na maji yana 21, basi namba zilizochorwa kwenye kitufe hazisemi kweli. Hizo namba ni makadirio. Hita nyingine zimekosea kwa nyuzi mbili au tatu tangu zitoke kiwandani. Tena hita huhisi joto la maji yanayoizunguka yenyewe: ikiwa imebanwa kwenye kona ambako maji hayatembei, pale penye hita patakuwa na joto, upande wa pili baridi, nayo itajizima ikidhani kazi imekwisha. Iweke karibu na mkondo wa maji yanayotoka kwenye chujio, chini kidogo, imelala au imeinama, kama ni ya aina ya kuzama. Kumbe taa ya hita ya yule dada ilikuwa inawaka na kuzima. Akaisogeza, akapandisha kitufe kidogokidogo, nyuzi moja kisha anasubiri saa kadhaa, akifuata kipimajoto badala ya kitufe. Beta amekula.

Naomba kila anayesoma aelewe kwa nini nyuzi tano ni jambo zito. Samaki hana moto wake mwilini. Joto la maji ndilo joto la damu yake, la tumbo lake, la kinga yake. Beta anataka 25 hadi 27. Kwenye 21 usagaji wa chakula unazorota, mwili unalegea, na vimelea vya madoa meupe vinamkuta hana nguvu za kupigana. Kupandisha mno nako ni hatari: maji ya nyuzi 20 yanaweza kushika takriban miligramu 9 za oksijeni kwa lita, ya 30 yanashika kama 7.5, ilhali samaki mwenye joto anahitaji hewa zaidi. Beta ana bahati ya kuvuta hewa juu ya maji. Samaki kama neoni tetra hana.

Na si kila samaki anataka hita. Samaki wa dhahabu anastarehe kwenye 18 hadi 22, diskasi anadai 28 na zaidi. Kuwaweka pamoja ni kuhakikisha mmoja wao anateseka maisha yake yote. Wanaofanya hivyo wananiambia, "Mbona hawajafa?" Kutokufa si kipimo cha kutunza. Mtoni samaki akihisi baridi anahamia penye jua au kwenye kina. Wewe umemfungia ndani ya vioo vinne, umemnyima kuhama, basi joto lake ni deni lako. Usiponunua kipimajoto, usinunue samaki. Nasema hivi bila kuona haya.

Mimi sasa natumia hita ndogo, na kati yake na soketi nimeweka kidhibiti joto cha nje chenye kihisio chake majini, kinachokata umeme hita ikigoma kujizima. Juu nina kifuniko, kwa sababu maji yanapovukizwa yanaondoka na joto jingi. Na kipimajoto kipo, natazama asubuhi na usiku. Mwezi huu dume wangu amejenga kiota cha povu, mayai yameanguliwa, na vifaranga wameanza kuogelea kama nyuzi ndogo chini ya kifuniko. Nimefurahi kuliko ninavyoweza kuandika. Vifaranga hao wasingepona kwenye maji yanayopanda na kushuka.

Ukibadilisha maji, chomoa hita na uiache ipoe kama dakika 20 kabla hujapunguza maji. Hita ya kioo ikibaki wazi hewani ikiwa na moto hupasuka, na kioo kilichopasuka juu ya umeme na maji ni hatari kwako pia. Waya wake uninginie chini ya usawa wa soketi kabla ya kupanda kuingia ukutani, ili matone yadondoke sakafuni yasiingie kwenye plagi. Maji mapya yapime kabla ya kuyamimina.

Umeme ukikatika usiku wa baridi, usimwage maji ya moto kwenye tangi. Funika tangi kwa blanketi pande zote, acha upenyo wa hewa juu. Jaza maji ya moto kwenye chupa, ifunge sawasawa, toa maji kidogo kwenye tangi yasije kufurika, kisha iache chupa ielee. Kipimajoto kikipanda nyuzi moja, itoe, usubiri. Umeme ukirudi hakikisha hita imezama kabla haijawaka, na usimlishe samaki mpaka maji yarejee kwenye joto lake la kila siku, maana chakula asichokila kitaozea majini huku chujio nalo likiwa ndiyo kwanza linaanza tena kufanya kazi.