Mbolea ya chumvichumvi na mchanga wetu wa Newala

Ndugu uliyeko Nachingwea, umeuliza hapa kama kweli mbolea ya chumvichumvi inaua ardhi, maana mbolea unaweka ile ile na mahindi yanazidi kudumaa. Yalinikuta. Nalima ekari tatu Newala, juu huku kwenye mchanga mwekundu: mvua inapiga usiku kucha, asubuhi unapita na kandambili hata tope hushiki.

Nilikuzia mahindi kwa SA (salfeti ya amonia) miaka sita mfululizo kwa sababu mfuko wake ni rahisi. (Urahisi wa kiini macho: kilo 50 za SA zina naitrojeni kilo 10 na nusu, za urea zina 23.) Mwanzoni mahindi yalikoza kijani mpaka wapita njia wanauliza. Mwaka wa tano majani yakaanza zambarau pembeni, Februari mahindi bado yako magotini. Nikang'oa mche mmoja. Mizizi mifupi, minene, haina vinyweleo, kama imekatwa na kisu. Nikasingizia mchwa. Nilipopeleka udongo maabara, pH, kipimo cha asidi (namba ikishuka, asidi imezidi), ikasoma 4.6, wakati mahindi yanataka walau 5.5.

Iko hivi: vijidudu vya udongo vinapogeuza amonia ya SA kuwa naitreti, vinaacha asidi. Udongo wa mfinyanzi au wenye mboji unaipooza, mchanga wetu hauna hicho wala kile. Asidi ikizidi, aluminiamu iliyomo udongoni inayeyuka na kuiviza mizizi, halafu fosforasi inanaswa, ndiyo ile zambarau, na DAP, mbolea ya kupandia yenye fosforasi, nilikuwa naweka! Sasa mzizi wa vidole vinne utachota maji wapi mvua ikikata siku kumi?

Ila nisiitwishe SA mzigo wote. Mahindi yangu yako katikati ya mikorosho, na salfa, dawa ya ukungu tunayoipuliza mikorosho kila msimu, nyingine inadondoka chini, nayo inageuka asidi. Hilo wenzetu wasiolima korosho huenda hawalijui.

Sasa nakuzia kwa CAN, mbolea yenye chokaa ndani yake ya kuipooza asidi. Kizibo kimoja cha soda kwa shina, pembeni kidogo, nafukia udongo ukiwa na unyevu. Urea nayo inatia asidi, japo haifikii SA, na ukiiacha juu juu inapaa hewani. Mabua sichomi tena, na nimechanganya mbaazi ili majani yake yapukutikie humo humo yawe mboji. Mama mkwe anasema shamba la mvivu.

Chokaa ya kilimo niliweza kumwaga nusu ya shamba tu, mfuko wangu ndipo ulipoishia. Msimu uliopita upande huo mizizi ilishuka mpaka kwenye kiwiko. Upande wa pili nilivuna ya kuchoma.

Kabla hujanunua mfuko mwingine, ng'oa mche mmoja, kung'uta mchanga, piga picha mizizi uitupie hapa. Na useme kama kuna mikorosho jirani.