Jibu: Nitajuaje kakao ninayonunua haina jasho la watoto?

Dada wa Moshi, nembo ya cheti kwenye gunia haitoshi. Mifumo mingi ya vyeti inaruhusu kakao yenye cheti ichanganywe kiwandani na isiyo nacho. Kinacholingana ni uzito vitabuni tu: uzito ulionunuliwa ukiwa na cheti na uzito unaouzwa kwa nembo. Uliza kama mzigo umetengwa tangu shambani.

Kwa karakana yako ndogo, anzia Kyela, mkoani Mbeya, kupitia AMCOS, yaani chama cha ushirika cha wakulima cha kuuza mazao. Omba namba ya mzigo, orodha ya wakulima na stakabadhi za malipo, kisha linganisha bei ya mnada na alichopokea mkulima baada ya makato. Unyonyaji hujificha hapo. Aliyekopa akauza kakao ikiwa bado mtini hupata kidogo mno, na asiyeweza kulipa kibarua huwaingiza watoto shambani. Sheria ya ajira ya Tanzania ya 2004 inakataza kuajiri aliye chini ya miaka 14, na kazi hatarishi chini ya 18: kupasua maganda kwa panga, kupulizia dawa, kubeba magunia. Kwa hiyo tembelea mashamba siku ya shule, wakati wa mavuno, tena bila taarifa.

Kakao ivundikwe siku 5 hadi 7, ikaushwe hadi unyevu wa asilimia 7, la sivyo itaota ukungu njiani. Kazi hiyo ilipie nyongeza. Usipolipa, mkulima ataiuza mbichi kwa mlanguzi.