Uvimbe umekwisha kuondolewa, kwa nini nipasuliwe tena?

SWALI: Daktari, shikamoo. Mimi ni mama wa watoto wawili, nina umri wa miaka 41 na ninaishi Morogoro. Mwezi Januari niligusa uvimbe usiouma katika titi la kushoto, ukiwa kama ndimu, na kufikia Mei ulikuwa kama chungwa. Nilichomwa sindano nyembamba, nikaambiwa ni fibroadenoma, yaani si saratani, kisha ukaondolewa. Sasa majibu ya maabara yanasema ni filodesi ya daraja la kati na kwamba imefika kwenye ukingo wa nyama iliyokatwa. Nimetakiwa nipasuliwe tena. Je, nina saratani? Daktari alikosea? Titi lote litaondolewa?

JIBU: Marahaba, mama. Naelewa hofu yako, kwani hakuna anayependa kurudi chumba cha upasuaji kidonda kikiwa ndiyo kwanza kinapona.

Filodesi ni uvimbe adimu, usiofikia hata mmoja katika kila uvimbe mia wa matiti. Jina lake limetokana na neno la Kigiriki lenye maana ya jani, kwa sababu ukikatwa huonekana kama majani yaliyokunjana, na aliyeupa jina hilo ni Johannes Müller wa Ujerumani mwaka 1838. Hauanzii katika mirija ya maziwa kama saratani ya kawaida ya titi, bali hukua kutokana na nyama inayoishikilia mirija hiyo. Una madaraja matatu: usio saratani, wa kati, na ule ambao ni saratani. Wako ni wa kati. Maana yake ni kwamba haujaitwa saratani, lakini una tabia ya kurudi pale pale ukiachiwa mizizi.

Kuhusu kosa, sindano nyembamba hunyonya seli chache tu, na seli za filodesi hufanana mno na za fibroadenoma. Hata ultrasaundi huona mviringo ule ule laini. Kilichostahili kuzua shaka ni umri wako na kasi ya ukuaji, kwa kuwa fibroadenoma huwapata zaidi wasichana na haina kawaida ya kukua namna hiyo kwa miezi minne. Kwa uvimbe kama huo ningependelea kinyama kichukuliwe kwa sindano nene, ingawa nayo huweza kukosea, kwa sababu sehemu moja ya uvimbe huweza kuwa tulivu na nyingine kali, na daraja hujulikana kwa uhakika pale tu uvimbe mzima unapopimwa.

Kwa daraja lako, na kwa kuwa uvimbe umefika kwenye ukingo, yaani huenda mabaki yake yapo bado, upasuaji wa pili una msingi mzuri. (Ungekuwa usio saratani, huenda ungefuatiliwa tu.) Daktari ataondoa eneo la kovu pamoja na nyama isiyo na uvimbe inayolizunguka, akilenga upana wa takriban sentimita moja kila upande. Kuondoa titi lote huhitajika pale ambapo upana huo hauwezi kupatikana huku titi likibaki na umbo lake, hivyo ukubwa wa titi lako ndio utakaoamua. Tezi za kwapani kwa kawaida haziguswi, maana filodesi, hata iliyo saratani, husambaa kwa njia ya damu, hasa kwenda mapafuni, na ni nadra kupita kwapani. Mtu akipendekeza kuzisafisha zote, muulize sababu.

Vidonge vya homoni havina kazi hapa, na dawa za saratani za dripu hazihitajiki kwa daraja lako. Mionzi huzungumzwa ikiwa ukingo safi, yaani usio na seli za uvimbe, umeshindikana. Kwa hilo utapewa rufaa, kwa mfano kwenda Taasisi ya Saratani Ocean Road, Dar es Salaam. Baada ya hapo upimwe titi kila baada ya miezi sita kwa miaka miwili au mitatu ya mwanzo, kwani kurudi kwingi hutokea katika kipindi hicho.

Kabla ya siku ya upasuaji, omba nakala ya ripoti, na uulize kama vipande vya nyama vilivyohifadhiwa kwenye nta vinaweza kusomwa na mtaalamu wa pili wa patholojia, yaani anayechunguza nyama kwa hadubini. Madaraja haya huwachanganya hata wazoefu, na upana wa kukata unategemea jibu hilo.