Maswali ya Wasomaji: Devaney, Osborne na Mpira wa Nebraska

Baba alisoma Lincoln, Nebraska, na kila akikutana na wenzake waliosomea Marekani, ubishi ni ule ule: nani kocha mkubwa zaidi wa kandanda ya Kimarekani pale chuoni, Bob Devaney au Tom Osborne? Tuamulieni.
*Msomaji, Lanet, Nakuru*

Msalimie mzee. Kwa hesabu ya mechi, Osborne yuko mbele. Alikaa misimu 25, kuanzia 1973 hadi 1997, akashinda 255, akapoteza 49 na kutoka sare 3, na hakuna msimu hata mmoja aliopata ushindi chini ya mara tisa. Ubingwa wa taifa aliuchukua 1994, 1995 na 1997, huu wa mwisho akigawana na Michigan. Devaney alikaa misimu 11, akashinda 101, akapoteza 20, sare 2, na ubingwa mara mbili, 1970 na 1971.

Ila wazee wanawatenganisha watu ambao kazi yao ilikuwa moja. Devaney alipofika 1962 akitokea Wyoming, alirithi timu iliyokuwa imeshinda mechi tatu tu msimu uliotangulia. Mwaka wake wa kwanza ikashinda tisa. Kisha 1967 na 1968 alimaliza na ushindi sita na vipigo vinne, mara mbili mfululizo, na watu wakaanza kudai aondoke. Hakuwafokea wachezaji akangoja bahati. Mwaka 1969 alimkabidhi Osborne, msaidizi wake kijana, safu nzima ya mashambulizi aipange upya. Mwaka huo huo, kwa ushawishi wa Osborne, Boyd Epley alipewa kazi ya kusimamia mazoezi ya vyuma, wakati makocha wengi wakiamini kwamba vyuma humfanya mchezaji awe mzito. Miaka miwili baadaye, tarehe 25 Novemba 1971, Nebraska iliifunga Oklahoma 35-31 mjini Norman, katika mechi ambayo Johnny Rodgers aliupokea mpira uliopigwa teke na wapinzani akakimbia nao yadi 72.

Osborne naye, alipokuwa kocha mkuu, alifungwa na Oklahoma ya Barry Switzer miaka mitano ya kwanza yote. Devaney, ambaye alikuwa mkurugenzi wa michezo, hakumfukuza. Ushindi ukaja 1978, 17-14. Ikibidi tuchague mmoja, tunampa Devaney, kwa sababu ya 1969.

Nafundisha raga katika chuo cha ufundi. Nasikia mpira wa Osborne ulikuwa wa "opsheni" na unafanana na raga. Unachezwaje, na vijana wangu wanaweza kuujaribu bila kofia na vikinga vya mabega?
*Msomaji, Kondele, Kisumu*

Wanaweza, mwalimu, na wataushika haraka kuliko wanasoka. Msingi wake ni ule ule mnaoufanya mkiwa wawili dhidi ya mlinzi mmoja: mvute mlinzi, kisha umwachie mwenzako mpira. Tofauti ni kwamba hapa mnawavuta walinzi wawili, mmoja baada ya mwingine, na wa kwanza anaachwa huru kwa makusudi. Hakuna anayemzuia. Yule ambaye angemzuia anakwenda kuongeza nguvu kwingine, na hapo ndipo faida ilipo.

Panga hivi. Kwotabeki, yaani mchezaji anayeongoza mashambulizi, anasimama nyuma ya mtu wa katikati anayemkabidhi mpira. Fulbeki, mkimbiaji wa kwanza, yuko yadi 4 nyuma ya mstari wa kuanzia mchezo, na mkimbiaji wa mwisho yadi 7, kama mita sita na nusu, wote watatu katika mstari mmoja. Mpira ukitoka, kwotabeki anauweka tumboni mwa fulbeki bila kuuachilia, macho yakiwa kwa mlinzi wa pembeni aliyeachwa huru. Mlinzi akibaki nje, fulbeki anaondoka na mpira. Akijipinda kwenda ndani kumfuata fulbeki, kwotabeki anauvuta na kutoka nje nao. Hapo anakutana na mlinzi wa pili. Huyu akimjia, mpira unarushwa kwa mkimbiaji wa mwisho. Akirudi nyuma kumfuata mkimbiaji, kwotabeki anapanda mwenyewe.

Pasi ile ndiyo yenye kazi. Mkimbiaji awe yadi 4 au 5 kando ya kwotabeki na yadi 1 nyuma yake. Akisogea karibu zaidi, mlinzi mmoja anawashika wote wawili. Akienda mbali, mpira unakaa hewani mno na kupokonywa. Rusha kwa mkono mmoja, kidole gumba kikigeukia chini unapoachilia, mpira umfikie kifuani. Kama kwenye raga, ukirudi nyuma na kudondoka, mchezo unaendelea na yeyote anaweza kuuokota, kwa hiyo kosa moja huwapa wapinzani mpira.

Kwa mazoezi, tumia walinzi wawili tu na utepe kiunoni badala ya kukabana. Simama nyuma ya kwotabeki na uwaoneshe walinzi kwa vidole la kufanya, yeye asikuone. Anza kwa kutembea, mara 10 kulia na 10 kushoto, kisha mbio nusu, kisha mbio kamili. Osborne aligawa uwanja katika vituo kadhaa vinavyofanya kazi kwa wakati mmoja ili hata wachezaji wa akiba wapate marudio mengi, na hilo ndilo tungekushauri uige kwanza, hata kabla ya mbinu yenyewe. Vijana 40 wakipanga foleni moja, kila mmoja ataugusa mpira mara tatu jioni nzima.

Litakaloharibika mapema ni pale tumboni mwa fulbeki. Kwotabeki akishaamua kabla ya kumtazama mlinzi, wawili hao watavutana mpira na kuuangusha. Mfunze fulbeki kufunga mikono kwa ulaini na kubana pale tu anapohisi mpira umeachwa. Kosa la pili ni kwotabeki kurusha akiwa hajafika kwa mlinzi wa pili. Amkaribie hadi mlinzi alazimike kuchagua, kwa sababu mlinzi ambaye hajachagua bado anawalinda wote wawili.

Kazi hii ikikamilika, matokeo ni kama ya Fiesta Bowl, mechi ya kufunga msimu, tarehe 2 Januari 1996: Nebraska 62, Florida 24, yadi 524 za kukimbia, na kwotabeki Tommie Frazier peke yake akipasua ngome kwa yadi 75 katika mbio moja.

Kwa nini timu ilianguka baada ya Osborne?
*Msomaji, Lurambi, Kakamega*

Haikuanguka mara moja. Frank Solich, msaidizi aliyemrithi, alishinda 58 na kupoteza 19. Mwaka 2001 ilifungwa na Colorado 62-36, na 2002 ikamaliza 7-7. Mwaka 2003 ilirudi na ushindi tisa dhidi ya vipigo vitatu, na hapo hapo akafutwa kazi. Tunaona lilikuwa kosa, na kubwa zaidi likafuata: kocha aliyefuata, Bill Callahan, aliitupa opsheni na kuleta mchezo wa pasi za mbele, akiwa na wachezaji waliosajiliwa kwa ajili ya kukimbia. Kwa nafasi 85 za ufadhili wa masomo zilizoruhusiwa enzi hizo, kubadilisha kikosi kulichukua miaka minne au mitano. Msimu wake wa kwanza, 2004, uliisha 5-6, wa kwanza wenye vipigo vingi kuliko ushindi tangu 1961. Bo Pelini, aliyemfuata Callahan, alirudisha ushindi wa tisa au zaidi kila mwaka, naye akaondolewa 2014. Hata Scott Frost, kwotabeki wa mabingwa wa 1997, aliporudi kama kocha alishinda 16 na kupoteza 31.

Mwaka 1984 Osborne angepiga teke moja awe bingwa. Kwa nini hakupiga?
*Msomaji, Bungoma*

Ilikuwa Orange Bowl, nayo mechi ya kufunga msimu, tarehe 2 Januari, dhidi ya Miami. Nebraska, ambayo haikuwa imefungwa msimu mzima, ilipata tachidauni, yaani ilifikisha mpira mwisho wa uwanja wa wapinzani, zikibaki sekunde 48, ikawa Miami 31, Nebraska 30. Teke lilikuwa na pointi moja. Enzi hizo hakukuwa na muda wa ziada, na sare ingetosha karibu kwa hakika kumpa ubingwa. Osborne aliona ubingwa wa sare haustahili kudaiwa, akaagiza mchezo wa pointi mbili, ambao mpira huingizwa kwa mbio au pasi badala ya teke. Kwotabeki Turner Gill alikimbia kulia akamrushia Jeff Smith, na Ken Calhoun wa Miami akaugusa mpira kwa vidole kabla haujafika.