Kikoba chenu kinamlipa nani?

Mtaa wetu, huku Kimara, una juu na una bondeni. Juu kuna mageti na visima, bondeni vyumba vya kupanga na madumu ya maji. Tulipoanzisha kikoba, kikundi cha kuweka akiba na kukopeshana, tulikuwa wanachama 25 kutoka pande zote mbili, nami nikapewa ukatibu kwa sababu mwandiko wangu unasomeka. Lengo lilitamkwa siku ya kwanza, tena baada ya sala: tuinuane.

Macho yalinifunguka siku ya kuvunja kikoba, Desemba. Wahesabu fedha wamekaa mkekani, noti zimefungwa mpira, mimi nina daftari. Akaitwa mama anayeuza vitumbua stendi. Hisa yetu ilikuwa 5,000, naye alinunua moja kila wiki kwa wiki 48, akiba yake 240,000. Faida ya mwaka ilikuwa asilimia 20, kwa hiyo gawio lake 48,000. Alipiga vigelegele. Lakini ukurasa wa mikopo nilikuwa nimeufungua mbele yangu: alikopa 300,000 kwa miezi mitatu, riba asilimia 10 kwa mwezi. Alilipa riba ya 90,000.

Akafuata dada mmoja wa juu. Hisa 20 kila wiki, mkopo hajagusa hata siku moja. Akiba 4,800,000, gawio 960,000.

Hakuna aliyeiba. Hesabu zilikuwa safi, na ndiyo maana hata ugomvi haukutokea. Ila gawio la yule wa juu lilitoka wapi kama si kwenye riba za wa bondeni? Tulikuwa kausha damu yenye mkeka na sala.

Kwa hiyo ushauri wangu wa kwanza, na kwa kweli ndio ninaoung'ang'ania: wekeni ukomo wa hisa. Mfumo huu wa sanduku na makufuli matatu, ulioanzishwa na shirika la CARE kule Niger mwaka 1991, una kanuni hiyo tangu zamani, kwamba mwanachama ananunua hisa moja hadi tano kwa kikao, basi. Mwezeshaji alitufundisha, sisi tukaona anawarudisha nyuma wenye nguvu. Mwaka wa pili tukairudia kanuni ile, tukashusha na bei ya hisa hadi 2,000 ili mama wa vitumbua naye aweze kununua tatu, nne. Riba tukaikata nusu.

Haikupita kirahisi. Yule dada aliuliza, "Mnanifunga mikono kwa kosa la kuwa nacho?" Swali halali, na sikuwa na jibu la kumridhisha. Wawili waliondoka, na kitita kikapungua kweli. Kuna miezi watu walipanga foleni ya mkopo. Yeye alibaki. Pesa zake nyingine alizipeleka kwenye hatifungani. Huko anayemlipa ni serikali, si mama wa vitumbua.

Mfuko wa jamii nao uangalieni. Kila mtu achangie sawa, na fedha ya ugonjwa au msiba isitozwe riba. Kuhusu faini, sisi ya kuchelewa tumeifuta. Mwenye gari hachelewi, anayechelewa ni anayemalizia kuosha masufuria ya biashara.

Mwenye nacho ana kitu kingine cha kuleta kuliko hisa. Dada yule ni mhasibu. Yeye ndiye aliyeandika upya katiba yetu na kutupeleka halmashauri kujisajili, maana Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya 2018 inatuweka daraja la nne, la vikundi vya kijamii, na haituruhusu kukusanya pesa kienyeji. Ndiye pia aliyewasaidia wanawake wa bondeni kuunda kikundi chao cha biashara na kuandika andiko la mkopo wa halmashauri, ule wa asilimia 10 ya mapato ya ndani: nne kwa wanawake, nne vijana, mbili watu wenye ulemavu. Mikopo ile ilisimamishwa 2023 ikarudi 2024, na haina riba. Wengi bondeni walikuwa wakiisikia redioni tu. Fomu ndiyo iliyowashinda.

Jambo la mwisho, funguo za sanduku wasikae nazo viongozi. Kwetu moja anayo mama wa vitumbua, nyingine dada wa juu, ya tatu fundi baiskeli. Jumamosi iliyopita mama alichelewa dakika 40, stendi kulikuwa na wateja. Sanduku halifunguki bila yeye. Dada wa juu alikaa mkekani, viatu pembeni, ufunguo wake mkononi, anasubiri.