"Hii ndiyo mingi!"

Barua za wiki hii zote zinauliza kitu kimoja: mtoto ni mkaidi au akili yake haijafika hapo?

Wangu ana miezi 9. Nikipanda juu kuanika nguo, analia kama amepigwa. Mama mkwe anasema nimemdekeza. (Mama, Kayole)

Hujamdekeza. Mwanasaikolojia Jean Piaget wa Uswisi aliona kwamba kwenye miezi 8 hivi mtoto huanza kukitafuta kitu kilichofichwa. Waliomfuata wakaona dalili hata mapema zaidi. Wako anajua upo mahali, ila hajui utarudi lini. Cheza naye kujificha nyuma ya leso, na ukitoka umuage. Usimtoroke.

Wa miaka 5 amesusia chai, eti dada yake kaongezewa. Nilipima sawa, ila kikombe cha dada ni chembamba. Anajifanya? (Baba, Umoja)

Hajifanyi. Jumapili nilimjaribu mpwa wangu wa umri huohuo. Vikombe viwili, maji sawa. Akainama mezani, jicho moja amefumba, akakubali: "Ni sawa." Nikamimina kimoja kwenye glasi ndefu, anatazama. "Hii ndiyo mingi!" Nikarudisha kikombeni. "Sasa ni sawa." Nikamimina tena. "Mingi!" Wala hakuona haya.

Ameshika kimo, upana ameuacha. Tena hawezi kuyarudisha maji yale kichwani mpaka yalikotoka. Piaget aliona jambo hili likikaa sawa kwenye miaka 7 hivi. Kumgombeza hakuharakishi kitu. Mwache amimine mwenyewe wakati wa kuoga, nawe nunua vikombe vinavyofanana. (Mpwa wangu mimi humkatia chapati vipande vinne. Anadhani amenipunja.)

Wa miaka 10 hunisaidia kuuza ndizi, chenji hakosei. Mtihani wa hesabu amepata 30. Mwalimu anasema ni mzito. (Mama, Gikomba)

Mzito hahesabu chenji, mama. Mwaka 1985 ulichapishwa utafiti kuhusu watoto wachuuzi wa Recife, Brazil. Wakiuza, walipata karibu 98 kwa mia. Hesabu zilezile kwa kalamu na karatasi, 37 hivi. Vichwa ni vilevile. Muulize wako ndizi 7 za shilingi 15: tatu ni 45, sita ni 90, ongeza moja, 105. Darasani anaambiwa apange tarakimu, anapotea. Aandike kwanza njia yake ya sokoni, kisha umpelekee mwalimu daftari hilo.

Wa miaka 14 anabishia kila kitu, hata mahubiri. Halafu juzi kavuka barabara ya Outering mbio na wenzake, daraja la miguu liko palepale! (Baba, Donholm)

Kuanzia miaka 11 au 12 anaanza kupima mambo yasiyoshikika: haki, "ingekuwaje kama". "Kwa sababu nimesema" haimtoshi tena, kwa hiyo mjibu kwa hoja. Barabara ni habari nyingine. Sehemu ya mbele ya ubongo, inayosaidia kujizuia, huendelea kukomaa hata baada ya miaka 20, na mbele ya wenzake kijana huthubutu kuliko akiwa peke yake. Usimuulize kama anajua hatari, anaijua. Muulize nani alitangulia kuvuka, kisha mtafute pamoja neno la kumjibu huyo kesho.