Jibu: Corolla 110 nzito mlimani baada ya kubadili mkanda wa taimingi

Mkuu, umesema tangu injini yako ya 5A-FE ibadilishwe mkanda wa taimingi (unaozungusha kamshafti, shafti ya valvu, sambamba na krenki, shafti kuu ya injini) haina nguvu mlimani na inachemka. Hiyo ni dalili ya moto kuchelewa, yaani plagi zinawasha mafuta kwa kuchelewa. Moto ungewahi, ungesikia injini inagonga ukikanyaga mafuta.

Usianze na distribyuta (kifaa kinachogawa moto kwenye plagi), wengi wanakosea hapo. Fungua kava ya juu, zungusha krenki kwa spana ya 19, kuelekea saa, mpaka alama ya puli ya krenki ikae kwenye 0. Tazama tundu dogo la puli ya kamshafti: lazima lilingane na mkato wa kifuniko cha beringi ya kamshafti. Likiwa upande wa pili, zungusha krenki raundi moja zaidi. Likipishana hata jino moja, mkanda urudiwe, distribyuta haitakuokoa.

Alama zikikubali, pasha injini, zima AC, unganisha matundu yaliyoandikwa TE1 na E1 kwa waya kwenye kisanduku cha kupimia. Subiri sailensi (mzunguko wa injini bila kukanyaga mafuta) itulie. Mulika kwa taa ya taimingi, clipu kwenye waya wa plagi ya kwanza: isome digrii 10 kabla ya 0. Legeza bolti mbili za 12 za distribyuta, isogeze kidogo kidogo, kaza, pima tena. Bila kuunganisha TE1 kipimo hakifai kabisa, kompyuta ya gari inakuwa bado inajirekebishia moto yenyewe.